PCOS, uzito na matibabu ya kupata mimba: hatua kwa hatua

Swali linalorudi kila wiki kutoka kwa wanawake wenye PCOS (hali ya homoni inayofanya ovari zisipevushe mayai kwa mpangilio) ni hili: "Daktari ameniambia nipunguze uzito kwanza, ndipo anipe dawa ya kupevusha mayai. Nipunguze kilo ngapi? Nisubiri hadi lini?"

Jibu fupi: lenga asilimia 5 hadi 10 ya uzito ulio nao leo, jipe miezi mitatu, au sita ukiwa bado na umri mdogo, na vipimo vyote vifanyike ndani ya muda huohuo. Usikae mwaka mzima ukipigana na mizani huku hakuna aliyekupima mirija ya uzazi wala mbegu za mumeo. Umri nao ni kipimo. Ukishafika miaka 35, miezi unayosubiri inakugharimu kuliko kilo nyingi unazobeba.

Mwongozo huu ni wa mwanamke aliyeambiwa ana PCOS, ana BMI (uwiano wa uzito na urefu, hesabu yake iko hatua ya 1) ya 25 au zaidi, na anatafuta mtoto. Kama una PCOS na ni mwembamba, ruka hatua ya 4: kujinyima chakula hakutakusaidia, na kunaweza kukukatia hedhi kabisa.

Kabla ya kuanza: hakikisha ni PCOS kweli

Kwa mtu mzima, PCOS huthibitishwa kwa kupata mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio au yai kutopevuka, dalili za homoni za kiume kuzidi (ndevu, chunusi sugu, nywele za utosini kupungua, au kipimo cha damu), na ovari zenye vifuko vingi kwenye ultrasaundi, au kipimo cha AMH (homoni inayotolewa na vifuko vya mayai) kilicho juu. Kabla ya hapo, daktari anatakiwa aondoe uwezekano wa tatizo la tezi ya shingo (TSH) na prolaktini (homoni ya maziwa) iliyopanda. Ultrasaundi peke yake haitoshi.

Na hili tulisisitize, kwa sababu linaumiza wengi: vile "vifuko" si uvimbe. Ni nyumba ndogo za mayai zilizoanza kukua zikakwama njiani. Havihitaji kupasuliwa, wala hakuna dawa ya "kuviyeyusha". Ukiambiwa uende upasuaji kutoa vifuko vya PCOS, tafuta daktari wa pili wa magonjwa ya wanawake akusomee picha ileile.

Uwe na vitu hivi:

- Mizani moja, ileile kila siku. Ya duka la dawa la jirani inafaa.
- Futi ya fundi cherehani ya kupimia kiuno.
- Daftari la kuandika tarehe ya kwanza ya kila hedhi, uzito na dawa. Kama unatumia programu ya simu, usiamini "siku za hatari" inazokutabiria. Inakisia mzunguko wa siku 28 ambao wewe huna.
- Kijiko cha chakula cha kupimia mafuta.
- Vidonge vya asidi ya foliki.
- Majibu yote ya zamani, pamoja na picha zenyewe, si karatasi ya maelezo tu.
- Mumeo, aliye tayari kupimwa.

Hatua ya 1: Piga hesabu yako

Gawanya uzito (kilo) kwa urefu (mita) uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 86 na urefu wa mita 1.60: 1.60 × 1.60 = 2.56, 86 ÷ 2.56 = 33.6. Hiyo ndiyo BMI.

Sasa lengo. Asilimia 5 ya kilo 86 ni kilo 4.3, asilimia 10 ni kilo 8.6. Maana yake lengo la kwanza ni kilo 81.7 na la pili ni kilo 77.4. Angalia vizuri: hata akifika lengo la pili, BMI yake bado ni 30. Bado ataitwa mnene kwenye chati, lakini mwili wake unaweza kuwa umeshaanza kupevusha mayai wenyewe, kwa sababu insulini imeshuka na ovari zimepunguza homoni za kiume. Huhitaji kufika BMI 25 ili upate mimba. Anayekutajia kilo 60 kama sharti anakutajia namba ya chati.

Pima kiuno pia, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi. Kuanzia sentimita 80 hatari ya kisukari na presha huanza kupanda. Ukipita 88 imepanda sana. Kiuno mara nyingi hupungua kabla mizani haijasogea.

Hatua ya 2: Fanya vipimo sasa, usisubiri kupungua

1. *Sukari.* Kilicho bora ni kipimo cha kunywa glukosi: unalala bila kula, unapimwa asubuhi, unakunywa gramu 75 za glukosi, unapimwa tena baada ya saa mbili. Majibu ya saa mbili yakiwa 7.8 hadi 11.0 mmol/L, sukari imeanza kuharibika, 11.1 na zaidi ni kisukari. Ukiwa na selimundu, kipimo cha HbA1c (wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi) kinaweza kudanganya.
2. *Presha.* Ipimwe umekaa, umepumzika dakika tano.
3. *Mbegu za mume.* Akae siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, isipozwe. Kwa viwango vya WHO vya 2021, kiwango cha chini cha kawaida ni mbegu milioni 16 kwa mililita na asilimia 42 ziwe zinatembea. Majibu yakiwa mabaya, yarudiwe baada ya miezi mitatu hivi kabla ya kutoa hukumu.
4. *Mirija.* Picha ya HSG (eksirei ya kizazi na mirija baada ya kuwekewa dawa ya kuonyesha njia) hupigwa hedhi ikishakata, kwa kawaida siku ya 6 hadi ya 10. Afrika Mashariki mirija kuziba kutokana na maambukizi ya zamani ni sababu kubwa ya kukosa mtoto. Kama uliwahi kupata maambukizi ya nyonga, mimba kuharibika ikafuatwa na homa, kupasuka kidole tumbo au mimba kutunga nje, usimeze hata kidonge kimoja cha kupevusha mayai kabla ya kuijua hali ya mirija yako.
5. *Damu na kinga.* VVU, kaswende, wingi wa damu, kundi la damu.

Mume akikataa kupimwa, mwambie wazi kwamba kipimo chake ni rahisi na cha bei nafuu kuliko vyako vyote, na majibu yake yanaweza kubadilisha mpango mzima. Daktari akiwaita wote wawili chumbani, husaidia.

Hatua ya 3: Andaa mwili

Anza asidi ya foliki angalau mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba, mitatu ikiwezekana. Kiwango cha kawaida ni miligramu 0.4 kwa siku. Mwenye BMI ya 30 na zaidi, mwenye kisukari, au mwenye selimundu, madaktari wengi humpa miligramu 5. Kidonge cha miligramu 5 kinapatikana karibu kila duka la dawa. Kile cha 0.4 ndicho huadimika.

Kisha toa dawa zako zote mezani umwonyeshe daktari. Dawa za presha za jamii ya enalaprili na losartani, spironolaktoni ya kupunguza ndevu, isotretinoini ya chunusi na dawa za kushusha mafuta ya damu hazifai kwa mimba. Usiziache mwenyewe ghafla. Ubadilishiwe.

Hatua ya 4: Sahani

Hakuna mlo maalumu wa PCOS ulioonyesha kuishinda mingine. Si kutokula wanga kabisa, si kufunga saa 16, si juisi za kijani. Kinachofanya kazi ni kupunguza nishati unayoingiza, kwa namna utakayoiweza mwezi wa nne. Lenga upungufu wa kalori 500 hivi kwa siku. Unatoa takriban nusu kilo kwa wiki. Mwenye kilo 86 hufika lengo la kwanza kwa wiki tisa hivi.

Anzia kwenye vinavyopita bila kuhesabiwa. Soda moja ya mililita 300 ina gramu 30 hivi za sukari, kalori kama 120. Vikombe viwili vya chai vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja ni kalori 95 hivi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120, na mafuta yanayomiminwa sufuriani moja kwa moja kutoka kwenye chupa huzidi hapo mara nyingi. Toa soda, toa sukari ya chai, punguza vijiko viwili vya mafuta kwenye chakula chako cha siku: umeshapunguza zaidi ya kalori 450, na ugali hujaugusa.

Baada ya hapo, ugawe sahani: nusu mboga (mchicha, matembele, kabichi, sukuma wiki, bamia), robo protini (maharage, dagaa, samaki, mayai, kuku asiye na ngozi), robo wanga. Ugali usizidi ngumi yako uliyoikunja. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu hukaa tumboni. Usiweke wanga mara mbili kwenye mlo mmoja: wali na viazi, chapati na maharage juu ya wali. Chakula cha nazi kipike kwa tui jepesi. Juisi, hata ya matunda uliyokamua mwenyewe, hupandisha sukari ya damu haraka kama soda. Kula tunda lenyewe.

Mwezi wa Ramadhani wengi huongezeka badala ya kupungua, na sababu ni futari: kaimati, sambusa, mihogo ya nazi na sharubati mfululizo hadi usiku. Fungua kwa tende moja au mbili na maji, sali, kisha kula sahani moja iliyogawanywa kama hapo juu.

Hatua ya 5: Mwendo

Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi, ile inayokuwezesha kuongea lakini si kuimba. Ili upungue uzito, panda taratibu hadi 250. Ongeza siku mbili za kazi ya misuli: kuchuchumaa na kuinuka mara 10 kwa raundi tatu, kusukuma ukuta, kunyanyua dumu la lita 5. Misuli inayofanya kazi hunyonya sukari hata insulini inapokuwa dhaifu, kwa hiyo faida ya mazoezi ipo hata wiki ambayo mizani haijasogea.

Hatua ya 6: Weka tarehe ya mwisho

Andika leo, kwa kalamu, tarehe utakayorudi kwa daktari kuanza dawa. Chini ya miaka 35: miezi mitatu hadi sita. Miaka 35 hadi 37: isizidi mitatu. Kuanzia 38, dawa na lishe viende pamoja tangu mwanzo, labda kama sukari au presha haijatulia.

Uholanzi walifanya utafiti mkubwa, ukachapishwa 2016, wa wanawake 577 wenye unene waliokuwa wakihangaikia mtoto, si wa PCOS peke yao. Nusu walipewa miezi sita ya lishe na mazoezi kwanza, nusu wakaanza matibabu moja kwa moja. Baada ya miaka miwili, waliotangulizwa kwenye lishe hawakuwa na watoto zaidi. Lakini wengi zaidi kati yao walishika mimba wenyewe bila dawa. Ndiyo maana tunasema punguza, ila usiugeuze uzito kuwa mlango uliofungwa.

Kuna mahali ambapo kikomo cha uzito kina sababu nzito: IVF (yai kurutubishwa maabara), kwa kuwa kutoa mayai huhitaji usingizi wa dawa, na BMI kubwa sana huongeza hatari ya ganzi, damu kuganda, kisukari cha ujauzito na kifafa cha mimba. Uingereza, kliniki nyingi zinazolipiwa na NHS (huduma ya afya ya umma) hukataa BMI inayozidi 30. Uliza kikomo cha kliniki yako mapema, upewe kwa namba.

Hatua ya 7: Metformini, na sindano za kupunguza uzito

Metformini husaidia insulini, na kwa baadhi ya wanawake hurudisha hedhi. Anza miligramu 500 pamoja na chakula cha usiku, ongeza 500 kila wiki moja au mbili, hadi 1500 au 2000 kwa siku kadiri daktari atakavyoona. Ukirukia 2000 siku ya kwanza utaharisha, utaacha, na utasema haikufai. Figo zipimwe kwanza. Ukiitumia muda mrefu, vitamini B12 ipimwe pia.

Peke yake si dawa kali ya kupata mtoto. Katika utafiti wa Marekani wa 2007 wenye wanawake 626, waliopata mtoto kwa metformini peke yake walikuwa asilimia 7.2, kwa klomifeni (dawa ya kupevusha mayai) 22.5.

Sindano za semaglutidi hupunguza uzito kweli, lakini hazitumiki ukiwa unatafuta mimba. Tumia uzazi wa mpango wakati unazidunga, na ziache angalau miezi miwili kabla ya kuanza kutafuta. Upasuaji wa tumbo wa kupunguza unene unataka kusubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu.

Hatua ya 8: Dawa ya kupevusha mayai

Ya kwanza kuchaguliwa siku hizi ni letrozoli. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014, wanawake 750 wenye PCOS, hadi mizunguko mitano: waliojifungua kwa letrozoli ni asilimia 27.5, kwa klomifeni 19.1. Karatasi ndani ya boksi itakuambia ni dawa ya saratani ya matiti. Usishtuke ukaitupa. Huko ndiko ilikosajiliwa kwanza; kwa dozi hii ya siku tano inatumika kupevusha mayai.

1. Pima mimba kwanza, hata kama huna hedhi miezi minne. Letrozoli haitumiwi ukiwa mjamzito.
2. Kama hedhi haiji, daktari hukupa medroksiprojesteroni miligramu 10 kwa siku 5 hadi 10. Damu hutoka siku chache baada ya kumaliza.
3. Siku ya kwanza ya damu kamili, si matone, ndiyo siku ya 1. Kuanzia siku ya 3 meza letrozoli miligramu 2.5 kila siku, siku tano, saa ileile.
4. Siku ya 10 hadi 14 fanya ultrasaundi. Kifuko cha milimita 18 na zaidi kinakaribia kutoa yai. Vikionekana vitatu au zaidi vikubwa, daktari atawaambia msikutane mwezi huo. Mtii: mapacha watatu ni mimba ya hatari.
5. Kutaneni kila baada ya siku moja au mbili, kuanzia siku ya 10 hadi ya 20.
6. Pima projesteroni (homoni inayopanda yai likishatoka) siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa. Ikizidi 3 ng/mL (10 nmol/L hivi), yai limepevuka.
7. Yai lisipopevuka, mzunguko unaofuata dozi ni miligramu 5, kisha 7.5. Likipevuka, baki na dozi hiyohiyo.

Klomifeni, wengi wanaijua kwa jina la Clomid, huanza na miligramu 50 na hupanda hadi 100, mwisho 150. Ukiona ukungu au mwanga unaomweka machoni, acha na urudi hospitali. Kwa dawa zote mbili, mizunguko sita yenye yai bila mimba inatosha. Mbele ya hapo ni sindano za homoni chini ya ultrasaundi ya mara kwa mara, upasuaji mdogo wa ovari kwa laparoskopi, au IVF.

Makosa tunayoyaona kila siku

Kununua Clomid dukani na kumeza miezi kumi bila ultrasaundi wala kipimo cha mirija. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Linakula muda ambao hautarudi.

Kupima projesteroni "siku ya 21" wakati mzunguko wako ni wa siku 35. Kwako ni siku ya 28. Ukipima ya 21 utaambiwa yai halikupevuka, na pengine lilikuwa bado njiani.

Kutegemea vijiti vya mkojo vya kupima yai. Homoni ya LH huwa juu muda mwingi kwenye PCOS, hivyo kijiti kinaweza kuonyesha mistari miwili wiki nzima bila yai lolote.

"Kusafisha kizazi" kwa dawa za kuweka ukeni, mvuke au vidonge vya mitishamba. Kizazi hakina uchafu wa PCOS. Vinavyowekwa ukeni huunguza na kuleta maambukizi, na maambukizi ndiyo yanayoziba mirija.

Ukikwama

*Mizani imeganda wiki tatu.* Pima kiuno kwanza. Kama nacho hakijasogea, rudi kwenye kijiko cha mafuta na vitafunwa vya ofisini. Andika kila kinachoingia mdomoni kwa siku nne. Usingizi wa chini ya saa sita na kukoroma kwa kukatika pumzi pia huzuia. Mwambie daktari.

*Nimepungua asilimia 7, hedhi bado haiji.* Hutokea. Hukushindwa, na usiongeze kujinyima. Nenda hatua ya 8. Siku 90 bila damu hazitakiwi kupita kimya kwa vyovyote, kwa sababu ukuta wa kizazi huzidi kunenepa na miaka ikipita unaweza kuleta saratani.

*Hedhi imerudi, mimba hakuna baada ya miezi sita.* Pitia upya majibu ya mirija na mbegu kabla ya kubadili dawa.

*Tumbo limejaa, linauma, natapika, mkojo umepungua, au napumua kwa shida baada ya dawa au sindano.* Nenda hospitali saa hiyohiyo. Ovari zinaweza kuwa zimechochewa kupita kiasi, au moja imejisokota.

*Nimeshika mimba.* Acha mlo wa kupunguza uzito, baki na sahani iliyogawanywa na matembezi. Endelea na foliki hadi wiki ya 12. Kama unatumia metformini, usiiache wala kuiendeleza bila kumuuliza daktari. Fanya ultrasaundi ya mapema, wiki ya 6 hadi 7, kuona mimba ipo ndani ya kizazi na ni ngapi. Anza kliniki mapema, waambie una PCOS, upimwe sukari mwanzoni na tena wiki ya 24 hadi 28. Uliza pia kuhusu aspirini ya dozi ndogo ya kuzuia kifafa cha mimba. Ikihitajika, inafaa ianze kabla ya wiki ya 16.